Aliacha Cheti, Akaomba Mwanasesere

Ukiishi South C, mtaa wa Nairobi ulio karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, unazoea kuamshwa na ndege ndogo. Baadhi zinapeleka watalii Mara. Nyingine zimebeba dawa, chanjo na wataalamu wa kwenda Sudan Kusini au Somalia. Nairobi imekuwa mlango wa misaada tangu zamani. Mwaka 1989, Umoja wa Mataifa ulipoanzisha operesheni kubwa ya kuokoa watu wa kusini mwa Sudan, hata Lokichoggio, kamji ka mpakani huko Turkana, kakageuka uwanja wa ndege. Kutuma masanduku tunakujua. Kufunza watu ndiko kunatushinda, na nasema hivyo nikiwa miongoni mwa walioshindwa.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya uzazi. Kwa miaka kadhaa nilikuwa naitwa kufundisha kwenye semina za wahudumu wa afya wanaotoka maeneo ya vita. Hotelini, bila shaka. Chai ya saa nne na sambusa mbili, projekta, kalamu yenye nembo ya mfadhili, kisha siku ya tano vyeti na picha ya pamoja. Posho niliipokea bila haya. Kuna muhula ililipa karo yote.

Mara moja somo lilikuwa namna ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Kwa kuitazama, kazi hii ni nyepesi. Unamkausha, unamsugua mgongo, na asipolia unamwekea barakoa ndogo puani na mdomoni, kisha unaminya mfuko wa hewa, kama mara 40 kwa dakika. Hewa ya kwanza imfikie kabla dakika moja haijaisha tangu azaliwe. Stima haihitajiki. Hata oksijeni, mara nyingi hewa hii hii tunayovuta inatosha kuanzia. Kinachohitajika ni mkono uliozoea. Barakoa ikikaa upande, hewa inavujia shavuni, kifua hakiinuki, nawe unaendelea kuminya ukidhani unaokoa mtu.

Tulikuwa na washiriki 32 na wanasesere wawili, wale wa plastiki wanaojazwa maji ili wawe na uzito wa mtoto kweli. Slaidi zilikuwa zaidi ya 90. Zamu ya kila mmoja kushika barakoa ilikuwa dakika tano hivi, na waliokaa nyuma hawakupata hata hizo.

Wakati wa chai alinijia kijana mmoja aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambaye Kiswahili chake kinawashinda watoto wangu. Akaniambia, "Sista, hiki cheti nitakitundika wapi? Kliniki yetu ni turubai. Nipe huyu mtoto niende naye." Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaenda kuuliza, nikaambiwa mwanasesere ni mali ya mradi na ana namba. Nilijaza fomu tatu ndipo nikaruhusiwa kumpa.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza mapema: hawa 32 wakiwa Nairobi wiki nzima, akina mama kule wanazalishwa na nani? Tunachukua muuguzi wa pekee wa kliniki, tunampandisha ndege, tunamfundisha kwa vifaa ambavyo hatavikuta kwao, halafu tunaandika ripoti kwamba uwezo umejengwa. Mwalimu mmoja akipanda ndege ile ile kwenda kule, akakaa mwezi mzima, akasimama kando ya kitanda usiku mtoto anapogoma kulia, gharama haiwezi kuzidi ya hoteli. Si ndoto. Huko Maridi, Sudan Kusini, shirika la afya la Amref lilisaidia chuo cha kufunza maafisa wa kliniki huko huko, vita vikiwa bado havijaisha.

Sitaki kudanganya kwamba mafunzo pekee yanatosha. Muuguzi wa serikali anayekaa miezi bila mshahara, ukishamfunza vizuri, shirika la mjini litamnyakua. Nami simlaumu, ana watoto. Mfadhili anayelipia semina na kukataa kuchangia mishahara anatwanga maji kwenye kinu.

Kuna watakaoniambia kwamba dharura haina muda wa shule. Sisi wa Nairobi tunajua dharura huanza vipi. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani na kuua watu 213, waliofukua vifusi kwa mikono saa za kwanza walikuwa wapita njia, na majeruhi walifika hospitalini kwa matatu na magari ya watu binafsi. Waokoaji wa kigeni walikuja baadaye, na walifanya kazi kubwa. Lakini mtu anayevuja damu anasaidiwa kwanza na aliye karibu, awe amefunzwa au la.

Na wageni huondoka. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, nina marafiki hapa mjini walioambiwa wasirudi ofisini. Magari yaliegeshwa, semina zikafutwa. Aliyekwisha kujua kuminya mfuko wa hewa hakuna barua ya kumnyang'anya ujuzi huo.

Yule kijana bado tunaandikiana. Mtandao ukipatikana hunitumia sauti, nyingi zikiwa na kelele za jenereta nyuma. Huwakusanya wakunga wa vijiji vya jirani kila Ijumaa chini ya mwembe na kuwazungusha zamu, mmoja mmoja, mpaka kifua cha mwanasesere kiinuke. Mwezi uliopita mwanasesere alitoboka ubavuni akaanza kuvuja maji. Ameziba kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli. Anauliza kama naweza kumpatia mwingine, na safari hii, anasema, nisimletee cheti.