Anayeita kikao ndiye ageuze saa

Jumapili ya mwisho ya Oktoba ikishapita, ingia kwenye kibanda chochote cha mpira hapa Kampala. Mechi za Jumamosi za ligi ya Uingereza zilizokuwa zikianza saa kumi na moja jioni sasa zinaanza saa kumi na mbili. Hakuna anayebishana, na wachache sana wanaochelewa. Mwenye kibanda amefuta ubao na kuandika saa mpya kwa chaki, wanaobeti nao wamejipanga upya. Wateja wake wako hapa, kwa hiyo saa anayoandika ni ya hapa. Hawaambii watu wakatafute wenyewe Manchester ni saa ngapi.

Natamani kila anayeitisha kikao cha mtandaoni kutoka ng'ambo afanye vivyo hivyo. Anayealika ndiye abebe hesabu. Amwandikie mwalikwa saa ya mahali alipo mwalikwa, kwa jina la mji, bila kumwachia fumbo. Nimeona watu wengi wakipoteza nafasi nzuri kwa sababu mzigo huu umeachiwa upande wa mnyonge, yule anayeomba kazi, anayeomba ufadhili, anayesubiri kuitwa.

Sisi Uganda hatusumbui mtu. Tuko saa tatu mbele ya Greenwich mwaka mzima. Ikweta inapita Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, na jua la Kampala huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, iwe Februari, iwe Novemba. Hatuna sababu ya kusogeza saa. Wenzetu wanazo sababu zao, ila hata wao kwa wao hawajapatana. Ulaya wanasogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani, tangu 2007, wanasogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Hapo katikati kuna wiki mbili au tatu za Machi, na wiki moja ya kuelekea Novemba, ambazo London na New York zinapishana kwa saa nne badala ya tano. Na jimbo la Arizona, ukiacha eneo la Wanavaho, halisogezi kabisa. Kijana wa Ntinda, mtaa wa hapa Kampala, atayajuaje yote haya?

Nasema Ntinda kwa sababu jirani yangu mmoja yalimkuta huko. Julai, kampuni fulani ya Marekani ilimwita kwenye usaili. Barua pepe iliandikwa 9:00 a.m. EST. Kijana alifanya jambo la busara, akatafuta EST ni nini. Akaambiwa ni saa tano nyuma ya Greenwich, yaani nane nyuma yetu. Kwa hiyo ni saa kumi na moja jioni. Akanunua bando, akaazima chumba chenye umeme wa uhakika, akavaa shati jeupe. Alipofungua linki hakukuwa na mtu. EST ni saa ya majira ya baridi. Julai New York iko saa saba tu nyuma ya Kampala. Walimsubiri saa kumi, wakaondoka. Alipowaandikia, walimjibu kwa adabu kwamba nafasi imeshachukuliwa.

Hesabu ya kijana ilikuwa sahihi. Kosa ni la aliyeandika herufi za majira ya baridi katikati ya kiangazi, na namba ya simu ya mwombaji, yenye +256, iko mbele ya macho yake. Angeandika "saa kumi jioni, saa za Kampala", usaili ungefanyika. Herufi hizi tatu tatu ningeomba ziachwe kabisa kwenye mialiko. CST ni katikati ya Marekani na ni China pia. IST ni India, ni Israeli, ni Ireland. Jina la mji halina pacha wa namna hiyo. Ukisema New York, simu itajua yenyewe leo wamesogeza au hawajasogeza.

Wapo watakaosema simu siku hizi zinageuza kila kitu. Ni kweli, mwaliko ukiingizwa kwenye kalenda unageuka wenyewe. Lakini mialiko mingi inayotufikia huku haiji kwa kalenda. Inakuja kama bango, picha yenye nyuso za wazungumzaji na namba kubwa chini, imepita kwenye makundi kumi ya WhatsApp kabla ya kufika kwako. Simu haiwezi kugeuza saa iliyochorwa kwenye picha. Kwa hiyo bango lenyewe liandikwe miji: Kampala saa fulani, London saa fulani, Boston saa fulani. Nafasi ipo, wapunguze tu ukubwa wa nembo za wafadhili.

Siku ya mwisho ya kutuma maombi nayo ina mtego wake. Makongamano mengi ya kitaaluma huweka mwisho saa 23:59 "popote duniani", wakimaanisha kwamba maadamu kuna pahali duniani ambapo siku hiyo haijaisha, bado unaweza kutuma. Pahali pa mwisho ni saa kumi na mbili nyuma ya Greenwich. Kwetu hiyo ni saa tisa kasoro dakika moja alasiri ya kesho yake. Mwanafunzi wa Makerere anayeikimbiza saa sita usiku na umeme umekatika, kumbe angeweza kulala na kumaliza kazi yake mchana kwa utulivu. Kuna mwingine anayedhani kila tangazo ni la "popote duniani", akategemea huruma ambayo kwenye tangazo lingine haipo. Mstari mmoja wenye jina la mji ungewaokoa wote wawili.

Nasi wenyewe tuna la kurekebisha. Waganda tunahesabu saa kwa namna mbili kutwa nzima. Kwa Kiswahili tunaanzia alfajiri, na kwa Kiganda vilevile, ssaawa bbiri ez'oku makya ni saa mbili asubuhi. Tukiandika Kiingereza tunaanzia usiku wa manane. Ana kwa ana hatukosani. Shida inakuja mtu akiandika namba tupu kwenye kundi la ukoo: "Kikao Jumapili saa 8." Shangazi aliyeko Masaka ameelewa saa nane mchana. Mpwa aliyezaliwa Waltham, kule Massachusetts, ameona nane ya kwake, na hata hajui kama ni asubuhi au usiku. Andikeni "saa 8 mchana Kampala, yaani 14:00". Na kwa mambo ya usiku wa manane tumieni ile kauli yetu nzuri, usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Haimwachi mtu akijiuliza ni Ijumaa ipi.

Umbali wa bahari si lazima. Nenda Mpondwe, uvuke mpaka kwenda Kasindi, upande wa Kongo. Umerudi nyuma saa nzima. Katuna na Rwanda ni hivyohivyo. Elegu tulikuwa saa moja na Nimule hadi Februari 2021, Sudan Kusini iliporudisha saa zake nyuma kwa saa nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye nchi nane ina saa tatu tofauti, kwa kuwa Kongo peke yake ina mbili, Goma ya kwake na Kinshasa ya kwake. Tena ukifuata jua, Kampala iko karibu zaidi na saa za Kigali kuliko za Mombasa, ndiyo maana jua linafika utosini huku karibu saa saba kasoro dakika kumi. Mipakani simu ikinasa mnara wa upande wa pili, saa yake inarudi nyuma bila kukuuliza, na ukiwa na kengele ya kuwahi basi la alfajiri, basi linaondoka umelala. Zimeni kujiseti kwa saa mnapokuwa mpakani. Madereva wa trela wanalijua hili kuliko maofisa wengi. Ukimwambia dereva tukutane saa tatu, swali lake la kwanza ni "saa tatu za wapi?"

Hata saa zikigeuzwa vizuri, kuna jambo linabaki: nani anakesha? Semina inayotangazwa kuwa ni "ya vijana wa Afrika" inawekwa saa kumi na moja jioni ya San Francisco. Kiangazi hiyo ni saa tisa usiku Kampala. Boda hazipatikani kirahisi, nyumba ya chumba kimoja ina watoto waliolala, na kijana anatakiwa awashe kamera na kutabasamu. Linaniuma kwa sababu mpangaji alikuwa na uwezo wa kuchagua saa mbili asubuhi ya kwake, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili jioni. Hakuchagua kwa kuwa hakuuliza.

Na kuna pahali ambapo saa ni moja lakini nafasi hakuna. Riyadh hatupishani nao hata dakika. Binamu yangu anafanya kazi za ndani huko, na simu anaishika vizuri baada ya familia ya mwajiri kulala. Jumapili yetu ya mapumziko kwao ni siku ya kwanza ya kazi, kwani wao hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Vikao vya maandalizi ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, vilikuwa vikimpita vyote. Sasa tunamrekodia sauti hoja moja moja, naye anajibu kwa sauti usiku wake, na hatufungi jambo la michango kabla hajasema.

Kwa wengine tumekubaliana zamu. Tulizoea saa mbili usiku ya Kampala, ambayo kiangazi ni saa saba mchana Boston, saa kumi na mbili jioni London, saa tatu usiku Dubai. Wote walikuwa raha isipokuwa mjomba afanyaye biashara Guangzhou, kwake ni saa saba usiku, na hakuwahi kulalamika. Nilipouliza kundi, wa Boston ndio waliojitolea kwanza. Kikao kijacho ni Jumamosi saa nne asubuhi Kampala na Riyadh, saa tano asubuhi Dubai, saa tisa alasiri Guangzhou, saa mbili asubuhi London, na saa tisa usiku Boston, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi.