Pasipoti ya Marekani, mshahara wa Nairobi

Nchi karibu zote hutoza kodi kwa kuangalia mtu anaishi wapi. Marekani huangalia uraia. Mkenya aliyechukua uraia wa huko, akabaki na wa Kenya kwa ruhusa ya Katiba ya 2010, kisha akarudi kufanya kazi Nairobi, ana wakusanya kodi wawili: KRA ya Kenya na IRS ya Marekani.

Hoja ya Marekani si ya kupuuzwa. Mwaka 1924, katika kesi ya Cook v. Tait iliyomhusu Mmarekani aliyeishi Mexico, Mahakama ya Juu ilisema serikali humnufaisha raia na mali yake popote alipo, basi na wajibu wake humfuata. Na manufaa yapo kweli: mwenye pasipoti ile hurudi Marekani siku yoyote bila viza, hupiga kura, na akitimiza masharti huwarithisha wanawe uraia. Tena kama kuhama tu kungefuta kodi, matajiri wangetangulia kufungasha.

Pesa zenyewe mara nyingi hazidaiwi. Kwa mapato ya 2025, anayestahili anaweza kuondoa hadi dola 130,000 za ujira kwenye hesabu, au akapunguziwa kodi ya Marekani kwa kile alicholipa Kenya. Mwalimu wa kuajiriwa Nairobi huishia kujaza fomu tu. Anayeumia ni aliyejiajiri: mchango wa asilimia 15.3 wa hifadhi ya jamii unabaki palepale, kwa kuwa Kenya na Marekani hazina makubaliano ya kuuondoa.

Kinachonikera mimi ni FBAR, fomu ya kuripoti akaunti za nje. Akaunti zote za nje ya Marekani zikizidi dola 10,000 kwa jumla, hata kwa siku moja ya mwaka, lazima ziripotiwe. Hesabu hiyo hubeba pia akaunti ambazo mtu ni mtia sahihi tu. Sasa fikiria chama cha akina mama kinachochanga kununua ploti. Mweka hazina ni dada yetu aliyerudi kutoka Marekani. Wamemchagua kwa uaminifu wake. Fedha si zake hata senti, lakini akaunti ya chama inaingia kwenye fomu yake. Vivyo hivyo akaunti ya kamati ya harusi au matanga akiwa mtia sahihi. Sheria iliyokusudiwa kuwanasa wanaoficha mali ughaibuni inamnasa mtu ambaye kwake huko "nje" ndiko nyumbani.

Na adhabu si ndogo. Katika kesi ya Bittner, raia wa Marekani aliyeishi Romania, serikali ilidai dola milioni 2.72 kwa makosa yasiyo ya kukusudia. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua faini ihesabiwe kwa kila ripoti, si kwa kila akaunti, ikashuka hadi dola 50,000. Ni nafuu, lakini bado ni faini ya karatasi.

Wajibu wa kujaza ritani naukubali, ni gharama ya uraia. Faini kwa asiyedaiwa kodi wala hakuficha kitu siikubali. Akaunti zilizo katika nchi anayoishi mtu zingeondolewa kwenye sharti hili, wakwepaji wangebaki kusakwa vilevile. Hadi hapo, dada mweka hazina aitume FBAR mtandaoni bila malipo, mbali na ritani yake. Mwisho ni Aprili 15, na muda husogezwa wenyewe hadi Oktoba 15.