Kikao cha Desemba kisihamishwe kwa ajili yetu

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu kuna hoja inayozunguka tangu Pasaka: mkusanyiko wa Krismasi kule Marangu, Kilimanjaro, uhamishiwe Julai. Ibada kila mtu atasali alipo, wanasema, ila kuchinja, kikao cha ukoo na kusafisha makaburi vingoje Julai. Tunaoisukuma hoja hii ni sisi tulioko Ulaya na Marekani. Tiketi za Desemba zinauma, na shule za watoto wetu hazifungwi siku nyingi, wakati likizo ya kiangazi Ujerumani ni wiki sita nzima. Mimi naishi Leipzig, watoto wangu wanasoma huku, tiketi nalipa mwenyewe, na hoja hiyo naipinga.

Watani wetu mijini husema Mchaga ikifika Desemba anakwenda Moshi kuhesabiwa. Wanatutania, lakini hawajakosea. Utotoni safari yetu ilianza Ubungo alfajiri, tukapita Segera, Mombo na Same, tukashuka Himo tumechoka, tukapanda gari jingine hadi kijijini. Kabla hata ya kunywa maji tulipangwa mbele ya babu. “Huyu wa nani? Yuko darasa la ngapi? Mbona amekonda, mjini hamli?” Kisha aliuliza wasiofika, mmoja mmoja kwa jina. Baba yetu mdogo mmoja aliyeruka Krismasi mbili mfululizo alizungumzwa kwa sauti ya chini, kama mgonjwa.

Mti wetu wa Krismasi ulikuwa tawi la msaipresi lililochomekwa kwenye ndoo ya mchanga, likavalishwa mapulizo na pamba ya kufungia vidonda. Ile pamba ndiyo ilikuwa theluji. Hakuna aliyeona ajabu, ilhali asubuhi mawingu yakifunguka theluji ya kweli ilikuwa pale juu ya Kibo, tunaiangalia tukipiga mswaki. (Leipzig mara nyingi Desemba ni manyunyu na matope tu. Watoto wangu wanaitafuta theluji kwenye picha za mlima wa kwetu.)

Bibi alikuwa ameanza mbege, pombe yetu ya ndizi, siku nyingi kabla hatujafika. Ndizi mbivu zilichemshwa zikaachwa zichache, kimea cha ulezi kikapikwa uji, na msesewe, lile gome chungu la mti, ukatia uchungu wake. Kata ya kwanza ilikwenda kwa mzee. Lakini hesabu yenyewe ilikuwa kwenye nyama. Mnyama alichinjwa chini ya migomba na kila kipande kilikuwa na mwenyewe: kidari cha babu, na wengine kwa heshima zao. Kipande cha asiyekuja kilitajwa kwa sauti, na jina lake, kabla hakijapewa mtu mwingine. Sisi watoto tulielewa vizuri kabisa kwamba hiyo si habari ya nyama.

Tarehe 26 ilikuwa ya kikao. Humo nilimwona baba mkubwa akiletewa na mdogo wake jani la isale, mmea ambao kwetu Wachaga ni wa kuombea msamaha. Hawakuwa wakisalimiana kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la urithi. Ukiletewa isale, kukataa msamaha ni jambo zito, na mbele ya ukoo mzima ni zito zaidi. Baba mkubwa alilishika lile jani kwa muda mrefu bila kusema neno, uso umekunjamana, watu wote kimya. Halafu akaomba mbege. Kesi ikaisha hapo, ingawa mpaka wenyewe ulikuja kupimwa baadaye.

Sasa, mimi si miongoni mwa wale wanaofika Ulaya na kutangaza kwamba Wazungu hawana familia. Panda treni Ujerumani tarehe 23 Desemba uone: watu wamesimama kwenye ujia na mabegi, kila mmoja anakwenda kwa mama yake. Tarehe 24 maduka yanafungwa mchana, na jioni mji mzima uko nyuma ya milango. Wana mishumaa yao minne ya Majilio na watoto wana kalenda yenye vidirisha vya kufungua kila siku. Wanajua kuandaa, na mimi napenda. Tena tuna undugu nao wa namna fulani. Misheni ya Kilutheri ya Leipzig ilifika Machame mwaka 1893, na mwaka uliofuata ikaingia Mamba, jirani zetu. Ndiyo maana kwenye ibada ya mkesha hapa Leipzig naweza kuimba Kiswahili tangu ubeti wa kwanza bila kitabu, kinanda kikienda Kijerumani, na hakuna kinachogongana.

Tofauti iko mlangoni. Huku mwaliko ndio unaofungua mlango, na viti vimeshahesabiwa tangu Novemba. Kama hamuelewani na dada yako, haalikwi, mnakula kwa amani. Nimealikwa kwenye meza hizo na nimekirimiwa sana. Lakini hakuna mtu huku mwenye haki ya kuniuliza kwa nini mwaka jana sikuja. Kule kwetu hata niliyegombana naye tutakutana kwenye sufuria ya mtori, na shangazi ataniuliza mbele ya watu mambo ambayo Mjerumani angeona aibu kumuuliza daktari wake. Nilipokuwa kijana niliyachukia maswali hayo. Sasa ndiyo ninayoyakosa kuliko nyama.

Sitaki kuipamba Desemba ya Kilimanjaro. Kuna maonyesho mengi. Baada ya ibada kuna mnada wa sadaka, na mkungu wa ndizi unapandishwa bei na mabosi wawili wa Dar hadi mwenye mkungu mwenyewe anaona haya. Kuna magari ya kukodi yanayoletwa kijijini kama ya mtu, na Januari ada za shule zinakopwa. Na kuna wanawake wanaokaa jikoni siku tatu moshi machoni huku wanaume wakijadili ukoo kivulini. Kama tunataka mageuzi, tuanzie hapo kwenye masufuria. Hoja hiyo nitaiunga mkono bila kusoma zaidi.

Julai ni jambo jingine. Desemba haikuokotwa. Shule za nyumbani zimefungwa, kahawa ya babu ilikuwa imeshavunwa na sehemu kubwa kuuzwa chama cha msingi, na wenye maduka Kariakoo wamezoea kufunga. Binamu yetu mwalimu, yule wa bodaboda Arusha, yule mlinzi Tanga, wote wameipanga ruhusa yao na nauli yao kwa Desemba. Ukiwaambia waje Julai, kwenye baridi na ukungu wa milimani, wachache watakuja, na watakuja kututazama sisi. Kitakuwa kikao cha wenye pasipoti, na wenyeji watageuka wageni waalikwa. Hao ndio wanaopalilia makaburi mwaka mzima.

Nimejibiwa kwamba basi tukae kikao kwa video. Tulijaribu. Wazee walikuwa wakiinamia simu kutusalimu, tukakata mazungumzo ya watu kila mtandao unaporudi, na mtu wa Texas akatoa hukumu juu ya mfereji ambao hajauona tangu darasa la sita.

Mwaka huu mimi siendi, tiketi za watu wanne zimenishinda. Nimemwambia kaka anitaje kwenye wasiofika kama anavyotajwa mwingine yeyote, sehemu yangu ya nyama apewe aliyepalilia, na suala la mpaka wa juu waamue wao waliopo. Mchango wangu wa chokaa ya makaburi nimeshautuma.