"Dada yuko nyumbani tu"

Asubuhi moja mama alimtazama dada yangu akimfunga leso kiunoni, akamuuliza kwa upole, "Wewe binti, hapa wanakulipa ngapi?" Dada hakujibu. Alimalizia fundo, akamshika mkono na kumkalisha kwenye mkeka chini ya mwembe. Mama akaendelea, "Waambie wakuongeze. Unafanya kazi sana."

Nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Nilikuwa nimetoka Kampala kuja kukaa Busia, upande wa Uganda, wiki 2, na tangu mama aanze kusahau sikuwahi kulala pale zaidi ya siku 2. Swali lile lilinichoma, maana jibu lake nilikuwa nalo. Hatumlipi kitu.

Mama ana miaka 74. Zaidi ya miaka 30 aliuza nguo, akivuka mpaka kwenda upande wa Kenya alfajiri na kurudi jioni, na hesabu zake zote zilikaa kichwani. Miaka 4 iliyopita akaanza kuwadai wateja madeni waliyokwisha kulipa. Halafu siku moja akapotea njia ya kutoka sokoni kuja nyumbani, njia aliyoipita tangu ujana. Sisi tukasema ni uzee. Majirani wakasema karogwa. Tukazunguka kwa waombaji, kwa mganga, na katika kliniki 3 zilizompima malaria na kumwandikia vitamini. Mbuzi 2 na kipande cha shamba la muhogo viliishia huko.

Mwaka jana ndipo daktari mmoja alipompa karatasi amchoree uso wa saa. Mama akachora duara, akazirundika namba zote upande mmoja, akaweka kalamu chini na kuomba maji. Daktari aliagiza damu ipimwe: tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, VVU, kwa sababu yapo magonjwa yanayompotezea mtu kumbukumbu na yanatibika. Majibu yakaja safi. Hapo akatuambia ni demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili, na kwamba huenda ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya demensia zote duniani na bado hauna dawa ya kuuponya. Tungeanzia kwake, shamba lingekuwapo.

Usiku wa tatu nilishtushwa na kelele za kopo. Dada amefunga kopo la maziwa ya unga lenye kokoto nyuma ya mlango, ili mama akiufungua lilie. Ilikuwa saa 9 usiku. Mama alikuwa amebeba mfuko mtupu, anataka kuwahi kufungua duka lililofungwa zamani. Dada hakubishana naye. Alimwambia, "Mama, leo mpaka haujafunguliwa, tungoje kidogo," wakakaa wote wawili kitandani mpaka mama akasinzia. Saa 10 na nusu kopo likalia tena. Dada amelala hivi kwa miaka 2.

Basi tukafungua daftari, mimi na yeye, tukaandika mwezi mzima unavyokwenda. Nepi za watu wazima, zile za usiku tu kwa sababu mchana dada anatumia vitambaa na kuvifua: 90,000. Jerikeni za maji za ziada za kufulia: 36,000. Sabuni: 30,000. Dawa za presha: 45,000. Boda za kwenda na kurudi kliniki: 20,000. Jumla shilingi 221,000. Mimi natuma 150,000 kila mwezi, na ninakiri kwamba kwa muda mrefu nilijiona mtoto mwema.

Nikamuuliza, "Dada, na wewe ulikuwa unapata ngapi sokoni?" Alikuwa na meza ya dagaa, mukene kama tunavyowaita huku. Akasema siku ya kawaida, akishaondoa mtaji na ushuru, alibaki na 15,000. Siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 390,000. Mstari huo mmoja, ambao hakuna aliyewahi kuuandika, ulikuwa mkubwa kuliko vitu vyote tulivyonunua vikijumlishwa, na zaidi ya mara mbili ya ninachotuma mimi. Na mtaji wa meza ile uliliwa zamani. Deni la kikundi cha kuweka na kukopa lilimaliziwa kwa kuuza cherehani yake.

Nilipowapigia ndugu zangu kuwaeleza, mmoja akasema, "Lakini dada yuko nyumbani tu, kwani ana kazi gani?" Sitaki kumsema vibaya, kwa sababu na mimi niliwahi kuwaza hivyo hivyo. Ila maneno haya "nyumbani tu" yanaficha mali nyingi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 demensia iligharimu dunia dola trilioni 1.3, na karibu nusu ya gharama hiyo ni kazi ya ndugu na marafiki, kwa wastani saa 5 kwa siku. Asilimia 70 ya saa hizo zinatoka kwa wanawake. Wagonjwa walikuwa milioni 57 mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Nchi tajiri zina nyumba za wazee na wauguzi wa kulipwa, kwa hiyo gharama yao inaonekana kwenye bajeti. Yetu inaonekana kwenye meza tupu sokoni. Inaonekana pia kwa binti wa dada, aliye kidato cha pili, ambaye muhula uliopita alikosa siku 19 za masomo kwa sababu dada alikuwa na homa na bibi hawezi kuachwa peke yake. Nani anaziandika hizo siku 19?

Serikali ina ruzuku ya wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi. Wakati wa majaribio ililipwa kwa waliofika miaka 65, na katika eneo la Karamoja 60. Ilipoenezwa nchi nzima umri ukapandishwa hadi 80. Mama angojee miaka 6. Na hata akiipata, haitoshi nepi za usiku za siku 10. Maoni yangu ni kwamba mtu akishathibitishwa na daktari kuwa ana demensia, asisubiri miaka 80, na aliyeacha kazi kumtunza ahesabiwe katika malipo hayo. Najua hazina haijajaa. Lakini dada alikuwa akilipa ushuru wa meza kila siku ya soko, na sasa halipi. Hasara hiyo tayari serikali inaibeba, ila haijaiona.

Kuna ambalo ni rahisi zaidi. Kila kijiji kina wahudumu wa afya wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza kuhusu malaria na chanjo. Wafundishwe na dalili hizi, ili familia nyingine isiuze shamba kabla ya kufika panapostahili. Na dawa za presha na sukari zisikauke vituoni. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilisema mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama visababishi 14 vingeshughulikiwa, na presha na kisukari vimo. Mama aliishi na presha miaka mingi akinywa dawa siku zilipopatikana.

Lakini sisi wenyewe je? Baba mdogo alipofariki, kundi letu la WhatsApp lilikusanya zaidi ya milioni 3 kwa siku 2. Palikuwa na mweka hazina, daftari, majina, hema, ng'ombe. Hakuna aliyeuliza kama marehemu alikuwa na mtu wa kumgeuza kitandani miezi ile 8 aliyolala. Nililiandika hilo kwenye kundi, na kwa saa nzima hakuna aliyejibu.

Baadaye tulikutana, wote 5, tukiwa tumekaa kwenye mkeka mmoja na mama. Nilisoma daftari kwa sauti. Tulikubaliana wale 4 tulio mbali kila mmoja atoe 75,000 kwa mwezi, na kwamba dada hatachangishwa hata shilingi kwa kuwa 390,000 yake imeshaandikwa. Jirani mmoja, mama mtu mzima ambaye mama bado anamkumbuka kwa jina, analipwa kukaa naye siku 3 kwa wiki. Ndugu mmoja hajatoa bado. Ninamkumbusha kila Jumapili.

Juzi Jumatano dada alirudi sokoni na madebe 2 ya mukene wa mkopo. Jioni alinitumia ujumbe, neno moja na namba: "Nimebakiza 11,500." Nimeiandika kwenye daftari, kwenye mstari wake.