Chakula kikavu cha mbwa: tunasoma kiungo cha kwanza, gunia tunalisahau

Kuna kanuni moja imeshika sana kwa wafugaji wa mbwa siku hizi. Dar, Arusha, Nairobi, popote ukikaa na watu wenye mbwa lazima utaisikia: geuza mfuko, soma kiungo cha kwanza, kikiwa nyama chukua, kikiwa mahindi rudisha kwenye shelfu. Ukiuliza kwa nini unaambiwa mahindi ni ya kujazia tu, mbwa ni ndugu wa mbwa mwitu, na mbwa mwitu hali mahindi. Imekuwa kama sheria, na anayenunua chakula chenye mahindi anaangaliwa kama hampendi mbwa wake.

Mi nadhani kanuni hii inawaonea watu, na inatufanya tuangalie pasipo na hatari kubwa. Sisemi wanaoitumia hawajui kitu, wengi ni watu wanaojali kweli, wamechoka kudanganywa na picha za mapande ya nyama kwenye mifuko, wanataka angalau kitu kimoja cha kushika wakiwa dukani. Na kwenye hilo wako sahihi, picha ya mfuko haikuambii chochote. Ila hicho kitu walichokishika hakipimi wanachodhani kinapima.

Chukua hesabu yenyewe. Viungo vinapangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, na nyama mbichi ya kuku karibu asilimia 70 ni maji. Sasa tuseme kiwanda kimeweka kilo 25 za kuku mbichi, kilo 20 za mahindi, kilo 18 za mchele na vingine vinavyofuata. Kwenye orodha kuku ni wa kwanza, safi kabisa. Lakini chakula kikavu kikishatoka kwenye mashine na kukaushwa kinabaki na maji kama asilimia 10 tu, kwa hiyo zile kilo 25 za kuku zinabaki kilo 8 na kidogo, wakati mahindi yaliingia yakiwa makavu tayari, kilo 20 zinabaki karibu kilo 20 zile zile. Yaani ndani ya ile punje anayotafuna mbwa wako mahindi ni zaidi ya mara mbili ya kuku, na hapo hapo kwenye mfuko kuku kaandikwa juu. Hakuna aliyedanganya, sheria inaruhusu hivyo. Afu mfuko wa pembeni una unga wa nyama ya kuku kwenye nafasi ya pili baada ya mahindi, kilo 18 tuseme, na ule unga ulishatolewa maji na mafuta mengi, karibu wote unabaki. Huu wa pili ndo una kuku mwingi zaidi, na ndo tunaurudisha kwenye shelfu. Nimeirudia hii hesabu na watu kadhaa kwa kalamu na karatasi, kila mara wanakaa kimya kidogo, kwa sababu miaka yote wamekuwa wakilipa zaidi kwa maji ambayo hayapo tena kwenye mfuko.

Kuna pia ujanja wa kugawanya. Badala ya kuandika njegere mara moja unaandika njegere, protini ya njegere, nyuzinyuzi za njegere, kila moja inakuwa na uzito mdogo na inashuka chini ya nyama, wakati ukizijumlisha zinaipita. Hata mahindi yanafanyiwa hivyo. Na jina la mbele nalo lina sheria zake: Marekani chakula kikiitwa "chenye nyama ya ng'ombe" inatosha nyama hiyo kuwa asilimia 3, Ulaya 4, na kikiandikwa "ladha ya ng'ombe" hakuna kiwango kabisa, inatosha ladha isikike.

Halafu haya mahindi yenyewe. Mwaka 2013 watafiti waliokuwa na Erik Axelsson kule Uppsala, Sweden walilinganisha vinasaba vya mbwa na mbwa mwitu wakakuta mbwa ana nakala nyingi za jeni ya AMY2B, ile inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga. Mbwa mwitu ana nakala 2, mbwa wetu 4 mpaka 30. Maelfu ya miaka ya kula makombo ya wakulima yamembadilisha mwili. Mahindi yaliyosagwa na kupikwa vizuri mbwa anayameng'enya bila taabu, yanampa nguvu na asidi za mafuta za ngozi. Protini yake ina upungufu, hasa wa lisini, moja ya vipande vinavyojenga protini, ndo maana huwezi kumlea mbwa kwa mahindi peke yake, ila ukichanganya na unga wa nyama au samaki lile pengo linaziba. Na chakula "bila nafaka" sio kwamba hakina wanga. Fanya mwenyewe, mia toa protini, toa mafuta, toa maji, nyuzinyuzi na majivu (yaani madini), kinachobaki ndo wanga. Mfuko wenye protini 26, mafuta 15, maji 10, nyuzinyuzi 4 na majivu 7 una wanga 38, iwe umetoka kwenye mahindi au viazi au dengu.

Sasa upande wa pili una hoja, tena nzito, na nisingependa mtu aondoke hapa akidhani nawatetea wenye viwanda. Hoja ya kwanza ni kwamba namba nazo zinachezewa. Protini kwenye mfuko haipimwi yenyewe, inapimwa nitrojeni halafu inazidishwa kwa 6.25. Mwaka 2007 kuna gluteni, yaani protini ya ngano, kutoka China iliwekwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki yenye nitrojeni tele, ili ionekane ina protini nyingi, ikaingia kwenye vyakula vya mbwa na paka Marekani Kaskazini, vingi vya kopo na pakiti laini, kampuni ya Menu Foods ikalazimika kurudisha zaidi ya makopo na pakiti milioni 60, wanyama wakafa kwa figo. Mtu aliyesema tangu hapo hataki gluteni kwenye bakuli la mbwa wake siwezi kumlaumu.

Hoja ya pili ni lile neno la nyuma ya mfuko, "kamili na lenye uwiano", ambalo sisi wa upande huu tunaliegemea. Linatokana na viwango vya AAFCO, chama cha maafisa wanaosimamia vyakula vya mifugo Marekani, na chenyewe hakipimi wala kuidhinisha chakula chochote, kinaweka viwango tu. Hata lile jaribio la kulisha, moja ya njia za chakula kupata neno hilo, kwa mbwa wazima ni mbwa 8 kwa wiki 26, na wakimaliza 6 inakubalika. Wiki 26 hazikuambii mbwa atakuwaje akifika miaka tisa. Sawa kabisa. Lakini kiungo cha kwanza nacho hakikuambii, tena hakikuambii hata kama zinki ipo au haipo.

La bila nafaka silirefushi. Julai 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza inachunguza mbwa wanaopata ugonjwa wa moyo kutanuka, Juni 2019 ikataja chapa 16 zilizojirudia kwenye ripoti zaidi ya 500, vyakula vingi kati ya hivyo vilikuwa bila nafaka na vimejaa njegere na dengu. Desemba 2022 ikasema haitatoa taarifa nyingine mpaka kuwe na sayansi mpya ya maana. Kwa hiyo haijathibitishwa kwamba dengu inaua, na anayesema imethibitishwa anakosea, ila pia haiwezekani tena kusema kuondoa nafaka ni usalama wa bure.

Hoja yao ya tatu ndo inayoninyima usingizi, sumukuvu (aflatoksini), sumu inayotengenezwa na ukungu. Mahindi yanabeba sumukuvu, hilo halina ubishi. Mwisho wa 2020 chakula cha Sportmix cha kampuni ya Midwestern Pet Foods kilikutwa nayo, na kufikia Januari 2021 FDA ilikuwa imepata taarifa za mbwa zaidi ya 110 waliokufa. Mbwa ni mnyama dhaifu sana mbele ya sumu hii, ini linaharibika, anaacha kula, anatapika, fizi na macho yanakuwa ya njano, na mara nyingi ukija kuona njano umechelewa. Punje zenyewe unaweza kuziangalia usione kitu.

Lakini hebu tuifuate hii hoja mpaka mwisho, kwa sababu watu wanaishia katikati. Mtu anaogopeshwa mahindi ya kwenye mfuko, hela ya chakula cha bei ya juu hana, anafanya nini? Anarudi kwenye ugali na dagaa, anajiambia hiki ndo cha asili. Ule ugali ni mahindi gani? Mwaka 2004 Makueni na Kitui watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi yao wenyewe, waliyovuna na kuhifadhi yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu wamekufa kwa hiyo hiyo. Na kupika hakuiondoi, sumukuvu haiogopi moto wa sufuria. Wengi wetu yale mahindi yaliyooza au yenye ukungu tunayachambua, mazuri tunakula sisi, mabaya tunasaga ya mbwa na kuku, tangu zamani ndo ilivyo. Kwa hiyo tumemtoa mbwa kwenye mahindi ambayo angalau kiwanda kinatakiwa kuyapima, Marekani kikomo cha FDA ni sehemu 20 kwa bilioni, tukampeleka kwenye mahindi ambayo hakuna aliyeyapima kabisa na tumeyachagua kwa ubaya wake. Sioni namna ya kuiita hiyo kuongeza ubora.

Na hata kile kizuri cha kiwandani tunakiharibu wenyewe. Maduka mengi ya pembejeo gunia la kilo 20 linafunguliwa, mdomo unakunjwa nje, linakaa mlangoni na kopo la kupimia juu yake, ukitaka kilo mbili unapimiwa kwenye mfuko. Mvua inanyesha, joto la Dar unalijua, panya wanapita usiku. Mafuta yaliyopakwa juu ya punje yanaanza kuchacha siku ile ile hewa inapoingia, vitamini E na A zinapungua, unyevu ukipanda ukungu unapata makazi. Halafu ukipimiwa hivyo hupati lebo, hujui tarehe, hujui namba ya toleo, siku kampuni ikitangaza kurudisha mzigo wewe hutajua kama ni wako.

Mwaka juzi masika nilinunua hivyo kilo tatu, chapa ile ile ambayo jike langu, chotara wa German Shepherd, alikuwa anakula miezi yote bila shida. Akanusa akaondoka. Siku ya pili akala kidogo akatapika. Nikainua lile bakuli nikanusa mwenyewe, harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyokaa wiki, kali kabisa. Chapa haikuwa na kosa, orodha ya viungo haikubadilika hata herufi, nilipoacha na kumnunulia mfuko uliofungwa wa chapa hiyo hiyo alimaliza bakuli. Orodha ile ningeisoma mara mia isingeniambia.

Kwa hiyo mi nikiulizwa chakula kizuri ni kipi naanza na kama mfuko umefungwa na una tarehe, halafu nasoma yale maandishi madogo nyuma: ni kamili kwa mbwa wa umri gani, au ni cha nyongeza tu. Hapa kwa watoto wa mbwa wakubwa siwezi kulegeza. Kalsiamu ya mtoto anayekuja kuwa mbwa mkubwa isizidi asilimia 1.8 ya chakula ukitoa maji, ikizidi mifupa inakua vibaya, na bado kuna watu wanamnunulia chakula kizuri cha watoto halafu wanamwongezea DCP ya mifugo, ule unga wa kalsiamu na fosforasi, juu ili awe na miguu minene. Usifanye hivyo tafadhali. Na kwa mtoto wa namna hii nakubaliana na wenye kanuni, kama una hela lipa zaidi, ila lipia kampuni inayoweza kukujibu ni nani kapanga mchanganyiko, kiwanda ni cha nani na kilo moja ina kalori ngapi.

Kalori nazo zinabadilisha bei. Mbwa mzima wa kilo 20 anahitaji kama kalori 1,050 kwa siku, chakula chenye 350 kwa gramu 100 atakula gramu 300, chenye 420 atakula 250. Mfuko wa kilo 15 wa kwanza unaisha siku 50, wa pili siku 60, kwa hiyo gawa bei kwa siku, usigawe kwa kilo, mara nyingine cha ghali kinakuwa sio ghali hivyo.

Na ukishanunua ndo mbwa mwenyewe anakuwa kipimo, mavi yawe magumu unaweza kuyaokota, manyoya yalale, mbavu uzihisi kwa vidole bila kuziona kwa mbali. Mpe wiki sita hadi nane kabla hujahukumu. Chakula kiache kwenye mfuko wake, uutumbukize mzima kwenye ndoo yenye kifuniko, usimwage punje kwenye ndoo yenye mafuta ya zamani, andika tarehe uliyoufungua. Mwenye mbwa mdogo wa kilo 5 asivutiwe na bei ya gunia la kilo 15, maana litamchukua kama miezi mitano kulimaliza, na kwa joto letu hicho anachokula mwezi wa tano sio tena kile alichokinunua.