Data Huria: Anayefungua Ndiye Anayelipa

Mwishoni mwa makala nyingi za kisayansi siku hizi kuna sentensi fupi: data zitatolewa kwa atakayeziomba. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa watu walioamua kuziomba kweli. Waliwaandikia waandishi wa makala 1,792 waliokuwa wametamka kwa maandishi kwamba wako tayari kutoa. Waliojibu walikuwa 254. Waliotoa data, 122. Hiyo ni asilimia 6.8.

Namba hiyo imegeuzwa fimbo ya kuwachapia watafiti: wachoyo, waongo, pengine wana la kuficha. Mimi naona imesomwa nusunusu. Ukiwaondoa waliojibu, wanabaki 1,538 ambao hawakusema ndiyo wala hapana, na kimya cha watu wengi kiasi hicho hakielezeki kwa uchoyo peke yake. Fikiria mambo ya kawaida tu. Anwani iliyo kwenye makala ni ya chuo ambacho mwandishi alishakihama. Mwanafunzi wa uzamivu aliyekusanya data alihitimu, akaondoka na kompyuta yake. Au faili lipo, ila safu zake zinaitwa "q7b_mpya" na "q7b_mpya2", na aliyezipa majina hayo hakumbuki tena ipi ndiyo sahihi. Kumsafishia mgeni faili kama hilo, ukamweleza kila safu na kuondoa majina ya waliohojiwa, kunaweza kula wiki nzima ambazo hakuna atakayekulipa. Utafiti mwingine, wa 2014, ulifuatilia data za makala 516 na kukuta kwamba kwa kila mwaka unaopita baada ya makala kutoka, uwezekano wa data zake kuwa bado zipo hushuka kwa asilimia 17. Upotevu wa namna hiyo hauhitaji mtu wa kuficha. Unahitaji tu kwamba utunzaji usiwe kazi ya mtu yeyote.

Wanaodai data ziwe wazi wana hoja nzito, na sitaipunguza. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la tiba la Lancet lilichapisha makala kuhusu dawa ya hidroksiklorokwini na wagonjwa wa COVID-19, ikidai kutumia rekodi za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671. Data zilishikwa na kampuni moja, Surgisphere. Wakaguzi huru walipotaka kuziona, kampuni ikakataa, na tarehe 4 Juni makala ikaondolewa. Katikati hapo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limesimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Kama data zingetakiwa mezani kabla ya kuchapisha, makala ile isingetoka.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff. Mwaka 2010 walichapisha kwamba nchi zenye deni la umma linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa uchumi wake husinyaa, kwa wastani wa asilimia 0.1. Wanasiasa wa kubana matumizi waliishika namba hiyo kwa mikono miwili. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, Thomas Herndon, alikuwa na faili lao la Excel, walilompa wenyewe. Fomula ilikuwa inakokotoa wastani wa mstari wa 30 hadi wa 44, wakati ilipaswa kufika wa 49. Nchi tano zikawa zimeachwa nje, Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Kosa hilo liliporekebishwa, pamoja na namna ya kuchagua na kupima takwimu, kule kusinyaa kukawa ukuaji wa asilimia 2.2.

Husimuliwa kama ushindi wa data huria, na ni ushindi. Lakini aliyelipa ni nani? Reinhart na Rogoff walitoa faili. Wangenyamaza kama wengine, huenda majina yao yasingekuwa mfano wa kufundishia makosa. Wangapi wana fomula mbovu kuliko ile na bado wanaheshimiwa kwa kuwa hawakujibu barua pepe?

Novemba 2021 ikawa vivyo hivyo, kwa kipimo cha nchi nzima. Wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waliweka hadharani jenomu (mpangilio kamili wa vinasaba) za aina mpya ya kirusi cha korona, iliyopewa jina la Omicron tarehe 26. Malipo yao yalikuwa ndege kutoka nchi zao kuzuiwa, huku Uholanzi ikija kugundua kwamba sampuli zake za tarehe 19 na 23 Novemba tayari zilikuwa na Omicron.

Sisemi basi tufunge. Hoja ya faragha ya wagonjwa, wanayoitoa wanaokataa kutoa data, ni ya kweli, ila imekuwa mwavuli wa kila mtu. Mwenye takwimu za pato la mataifa hana mgonjwa wa kumlinda. Ninachopinga ni kudai uwazi kwa ahadi ya bure. Data zikabidhiwe hifadhi ya kudumu kabla makala haijatoka, kama majarida ya PLOS yanavyosisitiza tangu 2014, na gharama ziwemo kwenye bajeti ya utafiti, jambo ambalo Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani zinaliruhusu katika sera iliyoanza Januari 2023. Zenodo, hifadhi ya data ya mtandaoni, humpa mtu DOI, yaani namba ya kudumu ya utambulisho, kwa data zake bila malipo, kwa hiyo kuzitaja kama kazi inayojitegemea si tatizo la kiufundi tena.

Tatizo liko kwenye kamati za kupandisha vyeo, ambazo nyingi huhesabu makala. Aliyetumia miaka mitatu kukusanya data anaandika makala moja. Wengine wanazichukua, wanaandika tano, wanampita kwa cheo. Ningeanzia hapo kabla ya kuwaongezea majarida kanuni nyingine.