Daftari la siku 28 na daftari la siku 14

Mwaka 2011/12 umaskini Tanzania Bara ulikuwa asilimia 28.2. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ukaja na 26.4. Pointi 1.8 hizo hutajwa sana. Kisichotajwa ni kwamba kati ya tafiti hizo mbili daftari la kaya lilipunguzwa kutoka siku 28 hadi 14, na wadadisi wakaacha karatasi wakashika vishikwambi.

Daftari lenyewe ni kijitabu cha manunuzi ya kila siku. Wiki ya kwanza mama anaandika yote: nyanya fungu moja, mkaa kopo mbili, dagaa, vocha. Kufikia wiki ya tatu mdadisi anakuta kurasa tupu, wanakaa kibarazani kuvuta kumbukumbu. Kwa hiyo kupunguza siku ni busara. Ila nyanya ambazo zamani zingesahaulika sasa zinaandikwa, na kaya inaonekana inakula zaidi ilhali sufuria ni ileile. Sisemi umaskini haukupungua. Nauliza tu: katika 1.8 hiyo, ya daftari ni ngapi?

Swali hili si la kubuni. Mwaka 2007/08 hapahapa Tanzania kaya 4,000 ziligawanywa katika mafungu, zikahojiwa kwa njia 8 tofauti, na makadirio ya umaskini yalipishana kwa sababu ya dodoso tu.

Wanaotaka mageuzi nao wana hoja. Kishikwambi kinamkatalia mdadisi anayeandika kuwa mtoto wa miaka minne ana mume, na taarifa hazisubiri miezi kuingizwa kwenye kompyuta. Kung'ang'ania ya kale nako kuna gharama yake: Uingereza, mwaka 2023, waliokubali kujibu utafiti wa nguvukazi walishuka hadi asilimia 17 hivi, takwimu zake zikasitishwa kwa muda.

Lakini anayeomba njia mbili, ya zamani na mpya, ziende sambamba kwa muda huitwa mtu wa kizamani, na hapo anaonewa. Kabla ya kubadili utafiti wao wa ajira mwaka 1994, Wamarekani waliendesha mpya pembeni ya wa zamani kwa mwaka mmoja na nusu, kaya 12,000. Hao nao ni wa kizamani?

Sasa wapo wanaotaka tuhamie simu moja kwa moja. Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni kwa simu wa shirika la Twaweza, walifaulu, ila wao hawakuhamia simu, walibuniwa nayo tangu mwanzo, na kaya walizitembelea kwanza, wakaziachia simu na chaja za sola. Kumpigia mtu asiyekujua ukamuuliza nyumbani mko wangapi, katika nchi ya "ile pesa tuma kwenye namba hii", ni kukatiwa simu.

Utafiti mzima kuurudia mara mbili ni ghali, sawa. Lakini kaya mia kadhaa zinaweza kupewa daftari la siku 28 wakati nyingine zina la 14. Wiki ya tatu zitalalamika zimechoka, na uchovu huo ndio tunaotaka kuupima.